Masizi ya Bomba la Kiwanda ni Hoja ya Wafanyakazi



Katika mikutano ya matawi tumekuwa tukiulizwa swali lile lile: hizi habari za tabianchi zinazotangazwa redioni kila siku zinatuhusu nini sisi tunaochuma chai, tunaokata miwa na tunaochochea moto wa boila? Wapo wanaosema kwamba hayo ni mazungumzo ya wakubwa kwenye mikutano ya ng'ambo, na kwamba chama kishughulike na mishahara. Tumeona vema kulijibu swali hilo katika ukurasa huu. Hatutaanza na mbingu. Tutaanza na kitu ambacho kila mmoja wetu amewahi kukifuta usoni, nacho ni masizi.

Lakini kwanza hilo la mishahara, kwa kuwa ni kweli ndilo linalotuleta chamani. Hapa magharibi mwa Uganda mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Mvua ikichelewa, chai haichipui. Ikija mvua ya mawe, majani yanachanika na kikapu hakijai. Hatujapata kumwona mwajiri aliyelipa kilo zilizoliwa na ukame. Basi hali ya hewa imo ndani ya mshahara tangu zamani, ila haikuandikwa kwenye hati ya malipo.

MASIZI NI NINI

Kuni zikiungua sawasawa, chini hubaki majivu tu, na juu ya bomba huonekani moshi wa maana. Ili ziungue hivyo zinahitaji joto kali, hewa ya kutosha, na nafasi ya hewa hiyo kuchanganyika na gesi inayotoka kwenye kuni zikipata moto. Kimoja kati ya hivyo kikipungua, sehemu ya kuni haimalizi kuungua. Hupanda bombani ikiwa punje nyeusi ndogo mno za kaboni, na hizo ndizo masizi. Kwa hiyo masizi ni kuni ambazo kiwanda kimekwisha kuzilipia, na sisi tumekwisha kuzipasua na kuzibeba, halafu zikatupwa angani kabla hazijatoa joto lake lote. Dizeli ni vivyo hivyo. Moshi mweusi wa lori linalopanda mlima ni mafuta ambayo hayakumaliza kuungua ndani ya injini.

Punje zenyewe ni ndogo kiasi kwamba mamia yake yangeweza kupangwa safu moja katika upana wa unywele mmoja. Pua haiwezi kuzizuia. Huingia mpaka mwisho wa mapafu, na zile ndogo kabisa hupenya kwenye damu. Ndiyo maana madaktari hawayahesabu masizi katika kikohozi peke yake, bali pia katika ugonjwa wa moyo na kiharusi. Vumbi unaloliona limetua juu ya meza ni vumbi kubwa; lenye hatari zaidi ni lile usiloliona.

MASIZI NA JOTO LA DUNIA

Kila mtu anajua kwamba shati jeusi huchoma mgongo juani kuliko shati jeupe. Rangi nyeusi hunywa jua. Sasa chukua weusi huo, usage mpaka uwe vumbi jembamba, uutawanye angani juu ya nchi nzima. Vumbi hilo nalo hunywa jua na kuipasha moto hewa iliyo karibu nalo. Na likianguka juu ya theluji au barafu hufanya ubaya wa pili, maana theluji nyeupe hulirudisha jua lilikotoka, lakini ikipakwa weusi hata kidogo hulipokea na kuyeyuka upesi. Jambo hilo limepimwa katika milima ya Himalaya huko Asia, na katika nchi za barafu za kaskazini ya dunia.

Sisi tulio chini ya Rwenzori tuna barafu yetu, au tuseme tulikuwa nayo. Mwaka 1906, safari ya Mtaliano aliyejulikana kama Mtemi wa Abruzzi ilipouchora mlima huo, barafu yake ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5. Ilipopimwa mwaka 2003 ilikuwa haifiki kilomita moja ya mraba. Hatusemi kwamba ni bomba la kiwanda chetu lililoiyeyusha. Dunia nzima imepata joto, na sababu kubwa ya joto hilo ni hewa ya ukaa, ile inayotoka makaa ya mawe, petroli na dizeli vinapochomwa, na misitu inapofyekwa. Lakini mtu akisema hakuna kilichobadilika, mwonyeshe mlima.

Tofauti kati ya hewa ya ukaa na masizi ni hii, na tunaomba isomwe taratibu. Hewa ya ukaa ikitoka leo, sehemu yake itakuwako angani mamia ya miaka baadaye, wajukuu wa wajukuu wetu wakiwa wamekwisha kuzikwa. Masizi hayakai hivyo. Baada ya siku chache, au wiki moja hivi, mvua huyaosha yakaanguka. Ukizima chanzo chake mwezi huu, mwezi ujao hewa imekwisha kubadilika. Ndiyo sababu mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani walitoa ripoti yenye hatua 16, nyingine za kupunguza masizi na nyingine za kupunguza gesi ya methani. Ripoti ilisema kwamba hatua hizo zikichukuliwa zote, joto la dunia mwaka 2050 lingekuwa chini kwa karibu nusu digrii kuliko bila ya hatua hizo, na vifo vya mapema vipatavyo milioni 2.4 vingeepukwa kila mwaka. Ndani ya hizo 16 yamo mambo tunayoyajua kwa mikono yetu: majiko ya kupikia, matanuri ya matofali, injini za dizeli, na kuchoma mabaki ya mashambani.

Hapa inafaa tuwe wakweli, maana mfanyakazi aliyeahidiwa mno hatusikilizi mara ya pili. Mwaka 2013 wataalamu 31 walikadiria kwamba masizi ni ya pili baada ya hewa ya ukaa katika kuipasha moto dunia. Ripoti ya Jopo la Umoja wa Mataifa la Tabianchi ya mwaka 2021 iliishusha sana hesabu hiyo. Sababu mojawapo ni kwamba masizi hayatoki peke yake. Moshi wa kuni huwa na chembe nyingine nyeupe zinazorudisha jua na kupoza kidogo. Moshi wa dizeli ni mweusi zaidi, na ubaya wake kwa joto ni dhahiri zaidi. Kwa hiyo masizi yakiondoka leo kazi ya tabianchi haijaisha, maana hewa ya ukaa iko pale pale. Lakini juu ya kifua cha binadamu hakuna ripoti iliyoshusha kitu. Sisi tunalichukua jambo hili kwa mlango huo wa kifua, na tabianchi inafaidika njiani.

MLIMA WA MAGOGO NYUMA YA KIWANDA

Tuje sasa penye kazi yetu. Majani mabichi yanayotoka shambani, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Chai ikiingia kwenye gunia inatakiwa ibaki na maji yapatayo asilimia 3 tu. Kazi ya kuyatoa maji yote hayo, kwanza kwa kunyausha na mwisho kwa kukausha, ni ya joto. Ndiyo maana kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, na ndiyo maana kila kiwanda cha chai hapa kwetu kina mlima wa magogo ya mikaratusi nyuma yake.

Angalia magogo yale vizuri. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Tani moja ya magogo mabichi basi imebeba kama nusu tani ya maji, yaani madumu 25 ya lita 20. Ukiitia tani hiyo kwenye boila, moto lazima kwanza uyachemshe madumu 25 mpaka yaishe bombani, ndipo joto linalobaki liende kwenye chai. Magogo hayo hayo yakipasuliwa na kukaa miezi kadhaa chini ya paa penye upepo, hubaki na maji ya madumu sita hivi. Hayo mengine 19 yameondolewa na upepo bila malipo. Zaidi ya hayo, maji yale hupoza tanuri, na tanuri lililopoa haliwezi kumaliza kuunguza gesi ya kuni. Hapo ndipo moshi unapozaliwa.

Na kiwanda kinachonunua kuni kwa uzito kinanunua maji kwa bei ya kuni. Tumewahi kumwuliza meneja mmoja jambo hilo kwenye kikao. Alicheka, akasema hajawahi kulitazama hivyo, kisha akapita kwenye ajenda inayofuata.

Desturi iliyopo katika viwanda vingi ni hii. Magogo huachwa nje mvuani. Kuni za kesho ndizo zinazokatwa leo. Mvuke ukishuka usiku, mkuu wa zamu humpigia kelele mchocheaji aongeze kuni. Mchocheaji hulijaza tanuri mpaka mlangoni, hewa inakosa pa kupita, moshi unatoka mweusi kama mkaa, na mvuke haupandi. Asubuhi meneja anauona moshi kutoka barabarani na kusema kwamba mchocheaji ni mvivu au hajui kazi. Sisi tunasema kwamba katika mara kumi mchocheaji ana kosa mara moja. Mara tisa zilizobaki kosa limefanywa wiki nyingi nyuma, na mtu aliyeamua kuni zikatwe lini, zilale wapi, na feni ya hewa itengenezwe au isitengenezwe.

Kila mfanyakazi anaweza kujifunza kuusoma moshi wa bomba. Moshi mweupe mzito unaong'ang'ania una maana ya kuni mbichi au tanuri lililopoa. Moshi mweusi una maana kwamba hewa haitoshi au kuni zimeshindiliwa. Moto mzuri hutoa moshi hafifu ambao mbele ya anga huuoni vizuri. Mvuke mweupe unaopotea mita chache juu ya bomba si moshi, usichanganye.

Kuna jambo la pili ndani ya boila. Masizi yasiyotoka nje hugandamana kwenye mabomba ya ndani, yale yanayopitisha joto kwenda kwenye maji. Tabaka jembamba tu ni kama blanketi: moto uko upande huu, maji upande ule, na joto halipiti. Boila iliyojaa masizi hula kuni zaidi na kutoa masizi zaidi, ikaendelea hivyo. Kusafisha kwa ratiba ni sehemu ya kuzuia moshi. Lakini kusafisha huko hufanywa na mtu, na mtu huyo ndiye tunayetaka kumsemea sasa.

MTU ANAYESAFISHA BOMBA

Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, jina lake Percivall Pott, aliandika habari za wasafishaji wa mabomba ya moshi wa Uingereza. Siku zile bomba la nyumba lilisafishwa na mtoto wa kiume aliyepandishwa ndani yake, kwa kuwa mtu mzima hakuenea. Watoto wale walipokuwa watu wazima waliugua kansa ya ngozi ya mfuko wa korodani. Pott alisema chanzo chake ni masizi yaliyokaa katika mikunjo ya ngozi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza daktari kuihusisha kansa na kazi fulani. Kwa maneno mengine, kansa ya kwanza kuandikwa katika vitabu kuwa ya kazini ilitokana na masizi.

Kilichofuata kinatufundisha zaidi ya ugonjwa wenyewe. Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwalinda watoto hao mwaka 1788, kisha 1834, kisha 1840, kisha 1864. Watoto waliendelea kupanda. Sheria zilikuwapo, lakini hapakuwa na mtu wa kuzisimamia, na mwenye nyumba hakutaka gharama ya vifaa. Mwezi Februari 1875 mtoto aitwaye George Brewster alikwama katika bomba la hospitali moja karibu na Cambridge, akafa. Mwaka huo huo ndipo ikaja sheria iliyomlazimu kila msafishaji kuwa na leseni, na polisi wakapewa kazi ya kuifuatilia. Kutoka kwa Pott mpaka hapo ni miaka 100 kamili.

Na mwaka 1892 daktari Henry Butlin alilinganisha wasafishaji wa Uingereza na wale wa Ujerumani na nchi jirani zake. Wale wa bara walivaa nguo za kuziba mwili na kuoga baada ya kazi, na ugonjwa ule kwao ulikuwa wa nadra. Kazi ilikuwa moja, masizi yale yale. Tofauti ilikuwa nguo na maji.

Sasa tazama msafishaji wa boila wa kwetu. Tumemwona akiingia kwa suruali yake ya nyumbani, kitambaa cha shingoni kimefungwa puani, bila kibarua wa pili wa kumwangalia mlangoni. Jioni hurudi kambini na nguo zile zile, mtoto anamrukia, na mke wake huzifua katika beseni moja na nguo za mtoto. Nguo za kazi zinazofuliwa kiwandani, kinga ya pua inayozuia vumbi jembamba (si kitambaa), glavu, sabuni na maji ya moto: maji ya moto hayawezi kukosekana mahali penye boila. Hayo yaandikwe katika mapatano ya pamoja kwa jina lake, si kwa maneno kama "vifaa vinavyofaa". Maneno hayo tumekwisha kuona yanavyogeuka kuwa pea moja ya glavu kwa watu wanne.

DIZELI

Mwezi Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo ni hakika vinaleta kansa kwa binadamu. Uamuzi huo ulitegemea sana uchunguzi wa wafanyakazi 12,315 wa migodi minane huko Marekani. Waliofanya kazi chini ya ardhi penye moshi mwingi wa mashine walikufa kwa kansa ya mapafu kuliko wenzao, na kadiri moshi ulivyozidi ndivyo vifo vilivyozidi. Waajiri wa migodi walipigana mahakamani kwa miaka ili wayaone maandishi ya uchunguzi huo kabla hayajachapishwa. Wafanyakazi wale wale waliochunguzwa hawakuwa na wakili wa namna hiyo.

Kwetu hakuna mgodi, lakini kuna jenereta inayowekwa ndani ya banda lililofungwa pande tatu, na mafundi wakila chakula chao hapo kwa sababu mvua inanyesha nje. Kuna lori la majani linalonguruma nusu saa kwenye kituo cha kupimia, bomba likiwaelekea wachumaji waliopanga foleni na vikapu. Kuzima injini kwenye foleni hakugharimu shilingi. Kulirefusha bomba la jenereta likatoka juu ya paa ni kazi ya mchana mmoja ya fundi wa kuchomelea. Matengenezo ya sindano za mafuta ni gharama, lakini yanarudisha dizeli. Na waajiri wasituambie kwamba vichungio vya masizi haviwezekani huku Afrika kwa ajili ya mafuta machafu. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isiwe na salfa zaidi ya sehemu 50 katika milioni, na sababu mojawapo ya kuchagua kiwango hicho ni kwamba vichungio vya magari vinaweza kufanya kazi nacho.

MOTO WA MIWA, NA SOMO LA BRAZIL

Ndugu zetu wa miwa wanajua moto wa jioni kabla ya kuvuna, na masizi yanayotua juu ya nguo zilizoanikwa kambini. Katika jimbo la São Paulo huko Brazil sheria ya mwaka 2002 ilitaka moto huo ukome hatua kwa hatua. Mashamba yanayofaa mashine yalipewa mpaka 2021, mengine mpaka 2031. Mwaka 2007 serikali ya jimbo na wenye viwanda wakapatana kuharakisha, iwe 2014 na 2017. Moshi ukapungua kweli. Lakini muwa usiochomwa ni mgumu kuukata kwa mkono, kwa hiyo wenye viwanda wakaleta mashine, na mashine moja hufanya kazi ya makumi ya wakataji. Wengi wao walikuwa vibarua waliosafiri kutoka majimbo maskini ya kaskazini mashariki, nao wakabaki bila msimu.

Hatusemi basi tuendelee kuchoma miwa. Mkataji ndiye wa kwanza kuvuta ule moshi na wa kwanza kufanya kazi katika lile jivu. Tunasema kwamba siku mwajiri atakapotangaza kuacha moto kwa ajili ya tabianchi, chama kiwe kimekwisha kukaa mezani na hoja tatu: bei ya tani ipande kwa sababu muwa wenye majani ni kazi zaidi, nguo nzito na viatu vitolewe kwa sababu majani hayo hukata na nyoka hawakukimbia, na mashine isiingie shambani kabla ya makubaliano juu ya watu. Hewa safi isilipiwe na mkataji peke yake.

JIKONI MWA KAMBI

Jambo hili mara nyingi huachwa mwisho kana kwamba ni la akina mama tu, nasi tumeliacha mwisho, lakini kwa idadi ya watu ndilo kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na moshi wa majumbani, wa majiko ya kuni, mkaa, mafuta ya taa na mengineyo. Katika kambi nyingi za mashamba chumba ni kimoja, jiko ni mafiga matatu mlangoni au ndani mvua ikinyesha, na kuni ni zile zilizokataliwa na kiwanda, yaani mbichi.

Waajiri wengine wameanza kugawa majiko ya kuni yaliyoboreshwa, na kupiga picha. Tunayakubali, kwa kuwa yanapunguza kuni na safari za kutafuta kuni. Lakini tusidanganyane. Nchini Malawi uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulizipa familia jiko la kuni lenye feni, lililo bora kuliko mengi tunayopewa, na kuwafuata watoto zaidi ya 10,000. Homa ya mapafu ya watoto haikupungua. Jiko lilipunguza moshi wake, lakini moshi wa majirani, wa takataka, wa jiko la zamani lililoendelea kutumika, ulibaki. Dawa kamili ni gesi au umeme. Kiwanda kilicho na laini ya umeme mita 300 kutoka kambini kinaweza kuulizwa kwa nini laini hiyo haifiki kambini. Nyumba za mashamba ni suala la chama: limo katika Mkataba wa Mashamba Makubwa wa Shirika la Kazi Duniani, Namba 110 wa mwaka 1958, ambao una sehemu nzima juu ya makazi.

TUNASIMAMIA NINI

Shirika hilo hilo lilipitisha mwaka 1977 Mkataba Namba 148 juu ya hewa chafu, kelele na mitetemo mahali pa kazi. Unasema kwamba wawakilishi wa wafanyakazi wapate nafasi ya kufuatana na mkaguzi anapokagua. Kwamba uchunguzi wa afya usimgharimu mfanyakazi. Na kwamba asiyeweza tena kukaa penye hewa ile kwa ushauri wa daktari atafutiwe kazi nyingine au njia ya kulinda kipato chake. Mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika uliongeza usalama na afya kazini katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuziheshimu. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Karatasi, basi, hazikosekani. Kumbukeni zile sheria nne za Uingereza kabla ya 1875.

Katika madai yenu wekeni banda la kuni lenye paa la kutosha kuni za miezi, na mtu wa kuzipasua kila zamu, asiwe mchocheaji yule yule. Wekeni mafunzo ya uchocheaji yenye cheti na nyongeza ya daraja, kwa kuwa mchocheaji anayeijua kazi anaokoa kuni za fedha nyingi, na akiba hiyo ina haki ya kuonekana katika mshahara wake. Wekeni kipengele kwamba boila mpya au mashine ya kulisha kuni haitaondoa mtu kabla ya mazungumzo. Kuna waajiri watakaosema kwamba wateja wa chai wa Ulaya sasa wanauliza habari za kuni na moshi, hivyo gharama ni nyingi. Jibu ni kwamba kama mteja anauliza, basi ni wakati mzuri sana wa wafanyakazi nao kuuliza.

Tawi ambalo mapatano yake yanafunguliwa tena mwaka huu lianze sasa kuweka daftari la moshi. Kila zamu iandike tarehe, saa, rangi ya moshi wa bomba, kuni zilizotumika zilikuwa mbichi au kavu, feni ilifanya kazi au ilikufa, mabomba yalisafishwa lini na nani, na alikuwa amevaa nini. Miezi mitatu inatosha. Daftari liandikwe na wachocheaji wenyewe, asiyejua kuandika asaidiwe na mwenzake, na likae kwa katibu wa tawi, lisilale ofisini kwa meneja.